Porbandar, Mwisho wa Reli

Reli inaishia Porbandar, mji mdogo wa Gujarat alikozaliwa Gandhi mwaka 1869. Nilishuka stesheni pale na swali moja tu. Katika Hind Swaraj, 1909, Gandhi aliilaumu reli: inasambaza tauni, inazidisha njaa. Halafu akarudi India mwaka 1915, akaizunguka nchi kwa treni hizohizo! Mnafiki? Nilitaka kusema ndiyo. Ila alipanda daraja la tatu, na mwaka 1917 akaandika juu ya uchafu na msongamano wake. Alichokilaumu alikitumia, lakini hakukwepa adha zake. Mimi je? Naponda ubepari kila siku, na tiketi yangu ilikuwa ya behewa la kiyoyozi. Basi unafiki si kupanda treni. Ni kuchagua kiti ambacho hakikuonyeshi kile unachokilaani.