Shubiri Moja Kila Jioni

Wapo watakaokuambia uchague. Watasema mtu mzima mwenye watoto na kazi hana budi kuacha kimoja, ama masomo, ama ile kazi ya mkono anayoipenda. Mara nyingi watakinyooshea kidole hicho cha pili, maana machoni mwao kufuma, kuchora, kupiga gitaa au kutunga mashairi ni kupoteza muda. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 38, wiki ile niliyojiandikisha kusoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nikatii. Nikatia miyaa yangu ya kusukia mikeka na shazia kwenye kikapu, nikakisukuma uvunguni, nikasema nitakitoa siku nitakayovaa joho.

Mwaka ule nilisoma vibaya kuliko miaka yote. Muda niliojidai kuuokoa haukwenda kwenye vitabu hata kidogo. Ulikwenda kwenye simu, kwenye kusinzia kitini, na kwenye kuwafokea watoto wasio na kosa. Nilikuwa nimejinyima kitu pekee katika siku yangu nilichokifanya kwa kukipenda tu, na mtu asiyebakiwa na hata kimoja cha namna hiyo huchoka asubuhi na mapema.

Aliyenirudisha ni shangazi yangu wa Pangani. Alikuja kututembelea, akakiona kikapu siku ya kufagia uvungu, akakivuta bila kuniuliza. Jioni niliporudi kazini nilimkuta jikoni, maharage yako motoni, mwanangu mdogo amelala pajani kwake, na vidole vyake vinasuka. Nikamwambia, "Shangazi, mimi ukili sina siku ya kuupa." Akajibu bila kuinua macho, "Mwanangu, nani kakwambia unataka siku? Ukili unataka shubiri."

Anayeijua kazi hiyo ananielewa. Mkeka hausukwi ukiwa mkeka. Husukwa kwanza ukili, utepe mwembamba unaorefuka polepole na kuviringishwa pembeni, mpaka zifike pima nyingi ndipo ushonwe ukingo kwa ukingo. Utepe ule unawekwa chini wakati wowote, mtoto akilia, maziwa yakifoka, mgeni akibisha hodi. Ukirudi, vidole vinapajua pale vilipoachia. Ni kazi iliyokulia katika nyumba zenye watu wengi na shughuli nyingi, na kwa hiyo imezoea kukatizwa. Haimkasirikii mtu kwa kuinuka.

Basi na masomo yako yasuke vivyo hivyo! Acha kuungoja ule usiku mtulivu wa saa nne mfululizo ambao nyumba yako haijawahi kuwa nao. Sura ya kurasa 30 usiikabili kama sura. Kurasa nne kabla ya chai ya asubuhi, tatu kwenye daladala ukibahatika kupata kiti, nyingine mbili maji ya ugali yakichemka. Mimi mwanangu wa darasa la sita nilimfanya msikilizaji wangu: yeye anafanya hesabu zake, mimi nasoma zangu, kisha namweleza nilichosoma. Nikishindwa kumweleza kikamwingia, najua mimi mwenyewe sijakielewa, narudi nyuma. Hakuna aliyeniibia muda wa kuwa mama pale mezani. Tulikuwa tunasoma wote.

Na ile shubiri ya ukili nikairudisha mahali pake, baada ya vyombo kuoshwa na kabla ya kulala. Robo saa, nusu saa nikijaliwa. Siku niliyosuka, kesho yake nilisoma vizuri zaidi.

Kama unaona haya yanamfaa mwanamke wa mkeka peke yake, mkumbuke Shaaban Robert. Tunamwita gwiji tukasahau kwamba alikuwa karani wa serikali, na kwa miaka mingi karani wa forodha, enzi za ukoloni. Mchana wake ulikuwa wa mwajiri. Alipofiwa na mkewe Amina alibaki na watoto wa kulea, na nyumba ile yenye msiba haikuinyamazisha kalamu yake. Nyumba hiyo ilikuwa na jambo la kumpa. Humo ndimo zilimotoka tenzi za kuwausia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53, akaacha kazi zaidi ya 20. Hebu zihesabu tena, kisha uniambie kama alizipata kwa kungoja likizo.

Tena kusoma ukubwani si jambo la aibu katika nchi hii. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, na karibu watu milioni 2 wakajiunga na vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Wengi walikuwa wakulima, wenye mashamba ya kupalilia na watoto wa kulisha. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Somo lilirudi nao nyumbani. Na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kiliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kuiacha nyumba na kazi ili wasome. Wewe hukuingia kwa mlango wa nyuma. Hata unayerudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukakaa chumba kimoja na vijana wa umri wa mwanao, kaa wima.

Lakini shubiri hiyo iombe. Nilikosea sana kudhani watu wangu wataniona nimechoka wakajua la kufanya. Sema waziwazi: Jumanne na Alhamisi mimi sipiki. Kaka, ikiwa mkeo ndiye mwanafunzi, shika mwiko usisubiri kuombwa mara tatu, na ikiwa mwanafunzi ni wewe, usiigeuze nyumba nzima kuwa maktaba ambamo watoto wanatembea kwa ncha za vidole. Watoto wa miaka tisa wanaweza kuosha vyombo, na sahani ikivunjika, tutanunua nyingine. Zipo pia wiki ambazo mtoto ana homa, zamu zimeongezeka kazini na mtihani uko Jumatatu. Wiki hizo utakosa shubiri, na hutakuwa umeshindwa. Ukili ulioviringishwa pembeni haufumuki.

Mkeka uliotokana na ukili ule sasa uko sebuleni. Una mstari mmoja wa miyaa myekundu uliopinda, niliousuka usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu, na sitaufumua.

Kikapu chako kiko uvunguni, au gitaa lako liko juu ya kabati, au daftari la mashairi liko chini ya vitabu vya chuo. Unajua lilipo. Livute usiku huu huu, baada ya vyombo, ulitie mkono kwa robo saa. Kesho alfajiri, fungua ukurasa wa kwanza wa somo lako.