Kwa Mwendo wa Watoto

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 30:25–36, 31:1–20, 36–42, 33:12–14, Kumbukumbu la Torati 6:6, 7, Wakolosai 3:22–4:1, Wagalatia 6:2.

Dada mmoja, fundi cherehani katika kiwanda cha nguo, aliitwa na msimamizi wake siku ya Alhamisi akaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu zamu yake imebadilika. Kwa miaka minne alikuwa akiingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa alasiri. Sasa angeingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku, isipokuwa Ijumaa, ambapo angetoka mapema kama zamani. Mshahara ni uleule. Ana watoto wawili, mmoja darasa la pili na mwingine chekechea, na baba yao anafanya kazi mkoa mwingine.

Alipowaeleza washiriki wenzake, swali la kwanza lilikuwa, “Je, wamegusa Sabato?” Alipojibu hapana, walimshukuru Mungu na mazungumzo yakaishia hapo. Jumatatu ile alifika nyumbani karibu saa tano usiku. Alimkuta mdogo amelala kwenye kochi, bado amevaa sare ya shule. Alikuwa amekataa kubadilishwa na jirani kwa sababu anamsubiri mama.

Tunafanya vema kuilinda Sabato. Wengi wetu tumewahi kuombewa ruhusa kwa barua ya kanisa, kazini au chuoni. Lakini je, jioni ya mtoto nayo si amana ya Mungu?

Soma Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Mungu aliwapa wazazi nyakati gani za kuwafundisha watoto wao?

Musa anataja nyakati nne: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Agizo hili haliwezi kutimizwa kwa kumpelekea mtoto fedha tu. Linamhitaji mzazi mwenyewe awepo. Zamu mpya ya dada huyu ilimwachia kuamka na njia ya kwenda shule, ikachukua kuketi jioni na kulala. Kwa hiyo alipohuzunika hakuwa mvivu wala mtu asiyeridhika. Alikuwa amenyang’anywa sehemu ya wajibu aliopewa na Mungu.

Biblia inamfahamu mfanyakazi wa namna hii. Yakobo alimtumikia Labani miaka ishirini, akiwa baba wa watoto wengi, na anasema ujira wake ulibadilishwa mara kumi (Mwanzo 31:7, 41). Walipokubaliana kuhusu wanyama wenye madoa, siku ileile Labani aliwaondoa na kuwakabidhi wanawe, akawapeleka mwendo wa siku tatu (Mwanzo 30:35, 36). Makubaliano yalibaki vilevile kwa maneno, ila yaliondolewa kile kilichoyapa maana.

Soma Mwanzo 31:4–16, 36–42. Yakobo alifanya nini masharti yalipobadilishwa?

Kwanza, aliendelea kufanya kazi kwa uaminifu. Mnyama aliyeraruliwa alimlipa yeye mwenyewe, na alivumilia joto la mchana na baridi ya usiku. Pili, hakuamua peke yake. Aliwaita Raheli na Lea shambani, akawaeleza yote, akasikiliza jibu lao. Tatu, alikuwa na kumbukumbu. Alipofika mbele ya Labani alitaja miaka, makubaliano na hasara, pasipo kutukana. Nne, alimtaja Mungu kuwa ndiye aliyeona taabu yake na kazi ya mikono yake.

Hata hivyo, hatupaswi kumpaka Yakobo rangi. Aliondoka kwa kumficha Labani (Mwanzo 31:20), naye Labani akamfuata kwa hasira. Wapo wanaoacha kazi leo kwa njia hiyo: simu inazimwa, na mwajiri anagundua Jumatatu kwamba mashine haina mtu. Dhuluma tuliyotendewa haitupi ruhusa ya kuacha ukweli.

Wengine wanasema Mkristo hapaswi kulalamika, kwa kuwa Paulo aliwaagiza watumwa kutii. Lakini Paulo hakuishia hapo. Sentensi chache baadaye anawaambia mabwana watende haki na usawa, wakijua kwamba nao wana Bwana mbinguni (Wakolosai 4:1). Kumkumbusha mwajiri haki kwa upole si uasi. Sheria nazo zinaliruhusu hilo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka maelezo ya ajira yanapobadilika, mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mwajiriwa na kumjulisha kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina agizo linalofanana na hilo. Anayeomba kushauriwa haombi upendeleo.

Dada yetu aliandika barua fupi. Hakusema, “Mnanionea.” Alieleza hali ya watoto, akataja miaka yake minne ya kazi, akapendekeza abadilishane zamu kila wiki na mwenzake. Hakujibiwa. Aliandika tena pamoja na mama wengine wawili, na safari hii pendekezo likakubaliwa. Kwa wiki za zamu ya mchana, mwalimu mmoja mstaafu wa kanisa lake huwapokea watoto, huwapa chakula na kusali nao. Ibada ya familia imehamia alfajiri.

Si kila barua hujibiwa hivyo. Wapo wazazi ambao wakikataa zamu mpya, nyumba italala njaa. Tusiwaambie kwa wepesi, “Acha kazi, Mungu atafungua mlango.” Mungu hufungua milango, lakini mara nyingi anayeshika kitasa ni ndugu wa kanisani. Wagalatia 6:2 haijatimizwa tunapomwombea mama kwa dakika mbili, kisha watoto wake wakashinda jioni nzima peke yao.

Soma Mwanzo 33:12–14. Kwa nini Yakobo alikataa kufuatana na mwendo wa Esau?

Esau alikuja na watu mia nne, naye alipendekeza waende pamoja. Yakobo alijibu kwamba watoto ni wachanga, na wanyama wanaonyonyesha wakiharakishwa siku moja watakufa. Aliomba kwenda polepole, kulingana na mwendo wa watoto. Mtu aliyeendeshwa na Labani kwa miaka ishirini alijua maana ya kuendeshwa, akakataa kuwaendesha wadogo wake vivyo hivyo. Hatuwezi kila mara kuamua saa zetu za kazi. Lakini kama wazazi, kama waajiri na kama kanisa, tunaweza kuuliza kabla ya kila badiliko: je, mtoto ataweza mwendo huu?

Maswali ya Kujadili:

1. Je, kanisa lenu linajua ni wazazi gani wanaorudi usiku? Nani huwa na watoto wao?

2. Ikiwa wewe ni mwajiri, hata wa dada wa kazi wa nyumbani, ni lini ulimbadilishia saa au majukumu bila kumuuliza? Naye ana watoto?

3. Kuvumilia na kunyamaza vinatofautianaje? Mtu atajuaje kwamba wakati wa kusema umefika?