Kufuli na Tawakali

Swali la iwapo kufuli ni dalili ya upungufu wa imani lina jibu la zamani katika Uislamu, kwani hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik humwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Hivyo tawakali, yaani kumwachia Mungu matokeo, haifuti wajibu wa tahadhari. Wanazuoni wengi wa fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, waliweka pia sharti la hirzi, yaani hifadhi inayolingana na aina ya mali kwa mujibu wa desturi, na mali isipoibwa kutoka katika hifadhi hiyo, adhabu maalumu ya wizi haitekelezwi, ingawa dhambi ya mwizi inabaki palepale. Kwa kipimo hicho, baiskeli ya umeme iliyofungwa kwa waya mwembamba unaokatika kwa koleo haijahifadhiwa ipasavyo, ilhali ile ambayo fremu na gurudumu lake vimefungwa pamoja kwenye nguzo imara kwa kufuli ya chuma kigumu yenye umbo la U, na betri yake ikaondolewa, imepewa hifadhi inayoistahili. Hata hivyo, kwa kuwa grinda, mashine ya kukatia chuma, huishinda hata kufuli hiyo ikipewa muda, tahadhari hupunguza hatari bila kuimaliza, na ni katika sehemu hiyo iliyobaki, si katika uzembe, ndipo tawakali inapostahili kutajwa.