Je, Wema Waweza Kupangiwa Zamu?



Sisi tuliofundisha kwa miaka mingi, kwanza katika shule za msingi na baadaye katika chuo cha ualimu, tulizoea kuianza kila siku kwa kuita majina. Daftari la mahudhurio hufunguliwa, jina husomwa, mwanafunzi huitika, nasi huweka alama. Tulipostaafu mwaka 2021 tulidhani tumeagana na daftari hilo. Hatukujua kwamba litatufuata hata katika jambo la upendo, wala kwamba tutabishana na rafiki yetu wa siku nyingi kwa ajili yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika kiangazi cha mwaka 2022, hapa kwetu mkoani Tanga, bibi mmoja mjane aliugua miguu asiweze tena kwenda kisimani. Watoto wake wako mbali. Jumapili alitajwa katika maombi, na baada ya Misa kila mtu alisema, "Maskini Bibi, hatutamwacha." Nasi tulisema hivyo hivyo. Wiki ya kwanza maji yalimfikia hata yakazidi: ndoo tano kwa siku moja, tena na mchele, na sukari, na kuni. Wiki ya pili ndoo zilipungua. Wiki ya tatu, Alhamisi jioni, tulipita kwake tukiwa njiani kwenda kwingine, tukakuta mtungi mkavu na midomo ya Bibi imekauka. Tangu Jumanne hakuna mtu aliyefika. Tulipoanza kumpa pole, alitutazama akasema, "Mwalimu, pole nimepewa nyingi, ila pole haijazi mtungi."

Tulikwenda kuchota maji usiku ule tukiwa na aibu kubwa. Hakuna aliyemchukia Bibi. Kinyume chake, alipendwa na wote, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Jirani alidhani vijana wamekwenda. Vijana walidhani akina mama wamekwenda. Nasi tulidhani kanisa limekwenda, kana kwamba kanisa ni mtu mwingine anayeishi ng'ambo ya mto. Wazee wetu husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twauona mwepesi kwa sababu haujakaa kichwani petu.

Jumapili iliyofuata tulinunua daftari la kurasa arobaini na nane, tukapiga mistari, tukaandika siku saba za juma, tukawaomba watu waandike majina yao. Ndipo rafiki yetu, mzee wa kanisa mwenye busara, alipotukataza. "Mwalimu," akasema, "upendo hauandikiwi zamu. Mkishaandika majina, watu watakwenda kwa kuogopa aibu, si kwa huruma. Basi hapo mtakuwa mmepata maji, lakini mmepoteza wema."

Neno lake si la kupuuzwa. Kujitolea maana yake ni mtu kutoa nafsi yake kwa hiari. Hiari ikiisha, kilichobaki ni kazi tu, au pengine utumwa. Tena sisi watu wa milimani na mabondeni mwa Usambara tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa kuhifadhi udongo huko Mlalo mwaka 1946, na baadaye kuueneza Usambara, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta mashambani mwao, na waliokataa waliadhibiwa. Kulinda udongo usichukuliwe na mvua ni jambo jema. Hata hivyo watu waliyachukia matuta yale kwa moyo wote, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mradi ulikuwa umeachwa. Daftari lilikuwapo, na zamu zilikuwapo, lakini waliochimba hawakuwa ndio walioamua. Basi rafiki yetu alisema kweli: utaratibu peke yake hauzai wema.

Lakini je, wema usio na utaratibu huzaa nini? Bibi yule alikwisha kutujibu. Kiu haiji kwa kufuata huruma yetu. Huja asubuhi na jioni, siku tuliyofurahi na siku tuliyokasirika. Ikiwa tunatoa wakati moyo unapotusukuma tu, basi tunayemhudumia kwanza ni moyo wetu wenyewe, na mhitaji hupata yaliyobaki. Sisi Waanglikana ndio tusiopaswa kulisahau hili. Tuna Kitabu cha Sala, chenye sala za asubuhi na za jioni zilizokwisha kupangwa. Hatungoji mpaka tujisikie watakatifu ndipo kengele ipigwe. Kengele hupigwa, nasi huenda tukiwa wazito na wenye usingizi, na mara nyingi moyo hutufuata nyuma, ukatukuta tumekwisha kupiga magoti. Hakuna asemaye kwamba sala hiyo ni ya uongo kwa kuwa ina saa yake.

Tena Bwana wetu alitoa mfano wa baba aliyewaita wanawe wawili kwenda kufanya kazi shambani. Mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda. Wa pili alikubali kwa heshima zote, asiende. Bwana hakuuliza ni nani aliyekuwa na moyo mwepesi zaidi. Aliuliza ni nani aliyetenda. Katika habari ya Bibi, parishi yetu nzima ilikuwa mwana wa pili.

Tuliposoma habari za vyama vya kujitolea vya mijini, tuliona kwamba wenzetu waliligundua hili zamani. Mwaka 1876 huko Old Alresford, Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi, aliwaita akina mama wa parishi nyumbani kwake ili wasaidiane katika malezi ya watoto. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alishikwa na woga hata akashindwa kusema, akawaomba warudi juma la pili. Wakarudi. Umoja wa Akina Mama, ambao leo uko katika makanisa yetu mengi, ulianzishwa na mama aliyeshindwa siku ya kwanza na wenzake waliokubali kuja tena.

Vivyo hivyo Rotary. Ilianza Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, wakati mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Jina lake lilitokana na desturi yao ya kuzungusha mikutano, leo ofisini kwa huyu, kesho ofisini kwa yule. Kwa miaka mingi kanuni yao ya mahudhurio ilikuwa kali: mwanachama aliyekosa mikutano minne mfululizo bila udhuru aliweza kupoteza uanachama wake. Mtu aweza kucheka akasema, wafanyabiashara hawa wana mambo ya kitoto. Lakini mwaka 1985 vyama hivyo vilijifunga kusaidia kuondoa ugonjwa wa polio duniani, na mwaka 1988 mataifa yalikubaliana juu ya kazi hiyo. Wakati huo ilikadiriwa kwamba watoto 350,000 hivi walikuwa wakipooza kila mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba virusi vya asili vya polio vimeondolewa katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, yaani miaka thelathini na mitano baada ya ahadi ile. Huruma ya siku moja haifiki miaka thelathini na mitano.

Na kazi yenyewe ilifanyikaje? Kwa fedha, ndiyo, na kwa dawa. Lakini pia kwa watu waliopita nyumba kwa nyumba, wakitia matone vinywani mwa watoto, wakipaka wino kidoleni mwa mtoto aliyekwisha kupata na kuandika kwa chaki mlangoni, ili nyumba isirukwe. Lile nalo ni daftari la mahudhurio! Malawi ilipotangaza mwaka 2022 kwamba virusi vimeonekana tena kwa mtoto mmoja, nchi jirani, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliwatuma watu milangoni upya. Wengi wao hupewa posho kidogo, na hilo si dhambi, maana mwenye njaa hawezi kutembea kutwa nzima. Nyumba moja iliyorukwa kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake amefika, yaweza kurudisha maradhi.

Hatusemi haya ili kuvisifu vyama mno. Vyama vina majaribu yake. Tumewahi kuona mafagio matatu yakikabidhiwa na watu kumi mbele ya mpiga picha, na tumeona kibao chenye majina ya wafadhili kikidumu kuliko bomba lililofadhiliwa. Tena viko vyama ambavyo ada yake mkulima hawezi kuilipa. Lakini msaragambo wa babu zetu haukuwa na ada. Mbiu ililia, watu wakatoka na majembe, njia ikalimwa au mfereji ukazibuliwa, na asiyefika bila sababu alitozwa faini. Tofauti yake na yale matuta ilikuwa hii: wenyeji walijipangia wenyewe sheria ile, wakijua kwamba mfereji ni wao. Mtu anayejifunga kwa hiari yake hajapoteza hiari. Ameitumia leo, ili kesho uvivu usimnyang'anye.

Hayo ndiyo tuliyomwambia rafiki yetu. Hakukubali yote. Alisema, "Nitaandika jina langu, lakini msilisome kanisani." Tukaona ni haki, na mpaka leo majina hayasomwi, daftari hukaa kwenye meza ya vitabu vya nyimbo, atakaye hulifungua. Yeye alichagua Jumanne, siku ile ile Bibi aliyoanza kukaa bila maji.

Bibi aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo, na mtungi wake haukukauka tena. Tulipomzika tulilifungua daftari tukalipitia. Mzee wetu wa Jumanne hakuwa na pengo hata moja. Siku zisizo na alama zilikuwa nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa zamu zetu sisi wenyewe, tuliolinunua daftari na kuwahubiria wengine. Siku hizo mbili jirani alipeleka maji, kwa sababu tulimtumia habari mapema kwamba hatutaweza. Daftari lilitufundisha na hilo: kukiri kwamba leo hatuwezi, ili mwingine ajue kwamba ni yeye.

Ndugu zetu, wagonjwa wasiotoka nyumbani hawajakwisha katika parishi yetu. Liko daftari jipya, na siku za Jumatano na Jumamosi bado zina nafasi. Asijiandike mtu kwa kuona haya, wala asingoje mpaka moyo umwake moto. Aandike siku moja anayoweza kweli, kisha aende.