Kumcheka Kamanda

Mwaka wangu wa pili chuoni, ambao pia ulikuwa wa mwisho, nililala chumba kimoja na jamaa tuliyemwita Kamanda. Kwenye laptopu yake alikuwa na Star Trek yote ya kwanza, vipindi 79, kuanzia 1966 hadi 1969. Alikuwa pia na kamusi ya Kiklingoni ya Marc Okrand, ameichapisha karatasi kwa karatasi na kuifunga kwa uzi. Asubuhi ukimwambia "niaje", anakuinulia kiganja, vidole viwili huku, viwili kule. Stima zikipotea anatangaza gizani kwamba injini zimepigwa, kila mtu ashike nafasi yake.

Ukimwambia hayo ni mambo ya wazungu, alikuwa na jibu. Uhura, yule afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, jina lake limetokana na neno letu, uhuru. Na katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, Septemba 1966, kuna mtu anamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Alichokuwa akikiruka Kamanda ni kwamba huyo mtu ni jini la sayari nyingine lililojigeuza mwanamume mtanashati ili limfyonze chumvi mwilini. (Yaani Kiswahili chetu kilifika angani kikiwa mistari ya kukatia dem. Sishangai.)

Basi usiku mmoja kukawa na shoo ya vichekesho ukumbini. Nilipanda jukwaani nikamwigiza Kamanda. Nilivaa sweta lake jekundu, lile lile lake, nililolitoa kwenye kamba bila kumwuliza. Nikainua kiganja. Nikabwata Kiklingoni cha kubuni, nikaamuru kantini initumie ugali kwa miale. Watu walivunjika mbavu. Kamanda alikuwa safu ya tatu, na alicheka pia. Ila tangu siku hiyo hakuniinulia kiganja tena. Nikimwambia "niaje" alinijibu "poa", kama watu wote.

Je, nilimkosea? Kwa muda mrefu nilijiambia hapana, ulikuwa mzaha tu, na mwenyewe alicheka. Jibu hilo lilinitosha mpaka juzi nilipotazama Galaxy Quest, filamu ya 1999 ya Dean Parisot.

Star Trek haitajwi humo, lakini aliyewahi kuitazama anajua ni nani anatekenywa. Waigizaji wa kipindi cha angani kilichozimwa miaka mingi iliyopita wanazunguka makongamano ya mashabiki wakitia sahihi picha. Nahodha wao, Jason Nesmith (Tim Allen), anajipenda kupita kiasi. Kazi ya Gwen DeMarco (Sigourney Weaver) kwenye kipindi ilikuwa kurudia yaliyosemwa na kompyuta, basi. Alexander Dane (Alan Rickman) aliwahi kuigiza Shakespeare, sasa anavaa kichwa cha plastiki, na kila aendapo anaombwa aseme ule msemo wake wa kuapa kwa nyundo, anaouchukia kama kwinini. Halafu kuna Guy, aliyetokea katika kipindi kimoja tu na kuuawa kabla ya tangazo la kwanza la biashara. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi. Guy anaijua pia, na anajua yeye si steringi.

Wanakuja Wathermia, viumbe wa mbali walionasa mawimbi ya kipindi hicho wakadhani ni kumbukumbu za historia. Hawajui uigizaji ni nini. Wamejenga chombo kizima kwa kufuata walichokiona, pamoja na ushoroba wenye manyundo ya kuponda watu, ambao hauna kazi yoyote humo ila mwandishi wa kipindi aliishiwa mawazo. Bomu la kujilipua lazima lisimame ikibaki sekunde moja, kwa sababu kwenye televisheni ndivyo lilivyokuwa likisimama. Hizi ni kasoro ambazo huwezi kuzihesabu kama hukuwahi kukesha na vipindi hivi. Mtu asiyevipenda angeishia kwenye masikio na nguo za kubana.

Mzaha wa kuwacheka mashabiki ulikuwepo zamani. Mwaka 1986 William Shatner, nahodha mwenyewe, aliigiza kwenye Saturday Night Live akiwafokea mashabiki waache utoto, watafute maisha. Inachekesha, sikatai. Galaxy Quest nayo inamweka Nesmith katika hali hiyo hiyo, lakini inatuonyesha ametoka wapi. Amewasikia vijana wawili chooni wakimcheka, kwamba hata wenzake hawawezi kumvumilia. Dakika chache baadaye anamfokea Brandon, kijana aliyekuja na swali la kitaalamu kuhusu chombo: hakuna chombo, hakuna chochote, ni televisheni. Alichotupiwa chooni akamtupia aliyekuwa chini yake. Brandon hakuwa amefanya kosa lolote.

Lakini kicheko kilichonifanya nisimamishe filamu ni cha Sarris, yule jambazi mwenye sura kama kaa. Anatazama kanda, anagundua kwamba hawa ni waigizaji tu, na anacheka. Kisha anamlazimisha Nesmith amweleze Mathesar, kiongozi wa Wathermia aliyefungwa kwenye meza ya mateso, kwamba yote aliyoyaamini yalikuwa maigizo. Anachosema Nesmith ni ukweli mtupu. Mathesar anavunjika vibaya kuliko alivyovunjwa na mateso. Kumbe ukweli nao unaweza kutumiwa kumdhalilisha mtu, na ukiuliza "kwani nimedanganya?" unakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Mimi pia sikudanganya jukwaani. Kamanda anainua kiganja kweli.

Kiswahili kina neno la mwenye ruhusa ya kukucheka: mtani. Kwa makabila mengi ya Tanzania utani una masharti. Mtani wako anakutania nawe unamtania, huwezi kumnunia, anaweza kufanya vituko hata kwenye msiba wenu. Ila msibani huko huko ana kazi za kufanya. Anayekucheka ndiye atakayekuja kusaidia kukuzika. Mdhihaki hana kazi kwako. Akishacheka anakwenda zake.

Na ndani ya Galaxy Quest kuna msiba. Quellek, Mthermia kijana aliyeishi kwa kufuata mafundisho ya yule daktari bandia wa Dane, anapigwa risasi na kufia mikononi mwake, akimwambia amekuwa kama baba kwake. Dane, aliyeudharau msemo wake wa nyundo miaka yote, anautamka. Anautamka polepole, na anamaanisha. Nyundo haipo, anajua. Je, amemdanganya mtu anayekufa? Nimebishana na watu wawili kuhusu hili, mmoja mlokole, na wote wanasema uongo ni uongo. Mimi sidhani. Quellek hakuwa akiuliza kama nyundo ipo. Alitaka kujua kama yale aliyoyaishia yana mwenyewe, na Dane akakubali kuwa mwenyewe. Kuanzia hapo filamu ina haki ya kukicheka kile kichwa cha plastiki hadi kesho.

Brandon naye baadaye anapigiwa simu na Nesmith, na kabla hajaulizwa anaanza kujitetea kwamba yeye si mwendawazimu, anajua vizuri kwamba chombo hakipo. Alijua siku zote! Mashabiki wanajua. Kamanda alijua kwamba jabali linalomwangukia nahodha ni la kuigiza, na angekuonyesha sekunde linapodunda.

Sweta nililirudisha kwenye kamba usiku ule ule. Muhula uliofuata niliacha chuo kwa sababu zisizohusiana, na sikuwahi kumpa nafasi ya kunipandia jukwaani. Wala alipofiwa na babake sikwenda. Nilituma mia tano kwa M-Pesa.

Wiki iliyopita nilimtumia filamu hiyo kwa Telegram, na chini yake nikaandika kwamba lile sweta sikupaswa kulichukua. Alikaa siku mbili. Kisha akauliza, "Umeitazama mara ngapi?"

Nikasema mara moja.

"Buda, rudia. Kuna vitu umeruka."