Ukuta wa Watu Wawili: Nani Alipe Ukianguka?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, nyumba nyingi zimeshikana. Ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa chumba cha jirani, na boriti zake na zako zimelala juu ya tofali zile zile. Wazee waliojenga hivyo waliishi kwa kuaminiana, wala hawakuandikiana kitu. Mambo huwa mazuri mpaka siku ukuta unapopasuka.

Wetu ulipasuka katika mvua za mwezi wa nne. Ulikuwa wa tofali mbichi, maji yakaula chini, ukaanza kuegemea upande wa jirani. Fundi akasema usitiwe viraka. Ubomolewe na kujengwa upya kwa tofali za kuchoma na saruji. Baba akataka gharama igawanywe nusu kwa nusu. Jirani yetu ni mama mjane anayeuza vitumbua asubuhi. Akasema, "Mzee wangu, sikatai, lakini sina." Baba akadhani ni ujanja. Likaja neno, likarudishwa neno, na baada ya wiki mbili watu waliokuwa wakigawana futari hawasalimiani tena.

Ndipo baba akaniita. "Wewe unasoma dini chuoni. Nitafutie kitabu kinachomlazimisha alipe."

Nikatafuta. Na nilipopata, nilijaribiwa. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal wanasema mshirika katika ukuta ulioanguka hulazimishwa kujenga pamoja na mwenzake. Hilo ndilo alilolitaka baba. Ningeweza kumpelekea hilo peke yake, akaenda nalo kwa yule mama, naye asingekuwa na la kujibu.

Lakini sisi tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi. Ukifungua Minhaj ya Imam Nawawi, kwenye mlango wa sulhu, utakuta kwamba katika kauli mpya ya Imam, mshirika hana haki ya kumlazimisha mwenzake kujenga. Kauli ya kale ilisema analazimishwa. Ile mpya, iliyotegemewa, inakataa. Wanavyuoni wakaeleza sababu: anayelazimishwa kutoa mali naye anadhurika, na dhara haiondolewi kwa dhara nyingine. Huenda hana. Huenda akichopoa hicho kidogo, watoto watalala njaa.

Ndugu yangu, tuwe wakweli. Ni mara ngapi tunaingia vitabuni si kutafuta haki bali kutafuta fimbo? Nikiwa mimi ndiye ninayedai, nahama madhehebu asubuhi. Nikiwa ndiye ninayedaiwa, narudi jioni. Elimu ya namna hiyo itakuja kuwa hoja dhidi yetu Siku ya Kiyama. Nikamsomea baba kauli zote mbili, bila kuficha. Hakufurahi. Akaniuliza, "Sasa mimi nikae na ukuta uniangukie?"

Ni swali la haki, na sheria haikumwacha bila jibu. Nawawi anasema mwenye kutaka kuujenga tena kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiwi. Akishajenga, ukuta huo ni wake: ataweka juu yake akitakacho, na akitaka ataubomoa. Hata mwenzake akimwambia, "Usiubomoe, nitakulipa sehemu yangu," halazimiki kumkubalia. Lakini wakisaidiana kuujenga kwa vifusi vyake vya zamani, unarudi kuwa wa pamoja kama ulivyokuwa.

Tuzingatie vizuri hapa. Sheria imemfungulia baba mlango wa kujenga peke yake. Angepita mlango huo, angepata ukuta na angepata pia uwezo juu ya jirani yake, kwa sababu boriti za yule mama zingekuwa zimelala juu ya mali ya mtu mwingine. Hapo ndipo sheria inapoishia na ihsani inapoanza. Wala upande wa pili usijifiche nyuma ya kauli hii. Mwenye uwezo akisema, "Imam Shafi hanilazimishi," huku ukuta unamwinamia mwenzake, huyo ametumia huruma iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge kuficha ubakhili wake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana dhara. Hilo linamhusu anayedai na anayedaiwa.

Tukumbuke hadithi ya watu wa jahazi, aliyoipokea Nu'man bin Bashir na kuitoa Bukhari. Watu walipiga kura chomboni, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji waliwapitia wa juu, wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wasiwasumbue. Mtume akabainisha kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Tunaisoma sana hadithi hii katika kukataza maovu, na ndipo mahali pake. Lakini tazama pia kwamba wale wa chini walisema tundu hilo ni katika sehemu yetu. Mshirika anayesema "upande wangu hauna ufa" anasema neno hilo hilo. Tena tazama mwanzo wa tundu: watu wa juu walikuwa wakiudhika kupitiwa. Chuki ilitangulia, tundu likafuata. Kwetu pia ufa wa salamu ulikuwa mpana kuliko ufa wa ukuta.

Na masahaba walikuwaje? Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abu Rafi, aliyekuwa na vyumba viwili ndani ya makazi ya Sa'd bin Abi Waqqas. Alimtaka Sa'd avinunue. Sa'd akasema hatazidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi alikuwa ameshaahidiwa dinari 500 na mtu mwingine. Akamwuzia Sa'd kwa bei ile ndogo, kwa sababu alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Hakuna aliyemlazimisha. Alipata hasara mfukoni kwa hiari yake, akijua anafanya biashara na nani.

Basi ndugu zangu, tukipatwa na jambo kama hili, iwe ukuta wa jirani, nyumba ya urithi ya ndugu wanne, au paa moja juu ya wapangaji na wenye nyumba, tushike haya.

Kwanza, tukaguliwe pamoja. Fundi aliyeletwa na mmoja huonekana ni wakili wake. Aje fundi ambaye wote wawili wamemridhia, aseme mbele yao lipi la lazima na lipi la urembo. La lazima hugawanywa kwa kadiri ya umiliki wa kila mmoja. Mwenye kutaka vigae na rangi ajilipie.

Pili, tuandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tusione haya kuandikiana na jirani. Karatasi haivunji udugu, huulinda.

Tatu, asiye na uwezo apewe muda. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Uliyemlipia kama mkopo usimdai zaidi ya ulichotoa kwa ajili yake, hata faranga moja kwa sababu ya kuchelewa, maana hiyo ni riba. Na ukimpa zaka kwa kuwa anastahiki, usimwekee sharti akurudishie hiyo hiyo kulipa deni lako. Hapo umejipa zaka mwenyewe.

Nne, mchango si fedha tu. Maji, mchanga, mikono ya vijana na chakula cha mafundi, vyote vina thamani yake, na vikubaliwe kwa thamani hiyo.

Baba alinyamaza siku tatu. Siku ya nne, baada ya Maghrib, akamchukua mzee mmoja wa msikitini wakaenda kwa yule mama. Walikubaliana mawe ya msingi na tofali zilizosalia nzima zitumike tena. Mama alitoa maji na chakula, mwanawe akabeba tofali, na fedha iliyobaki aliandikiwa alipe kidogo kidogo bila muda wa kumkaba. Deni halijaisha mpaka leo. Lakini ukuta ni wa watu wawili kama ulivyokuwa, na Ramadhani iliyofuata sahani ya vitumbua ilirudi mlangoni kwetu.

Jibril alimwusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mpaka akadhani atamfanya mrithi. Tunaosoma dini tujiulize: watu wa nyumbani wakituita kwa sababu ya elimu yetu, tunarudi na fimbo au tunarudi na sulhu?

Ewe Mola wetu, turekebishie yaliyo baina yetu, utuepushe na ubakhili wa nafsi zetu, na utujaalie tuwe majirani ambao watu wanasalimika na shari zao. Amin. Wabillahi tawfiq.