Deni la Unga

Katika mitaa mingi ya Mombasa na Nairobi chakula hununuliwa cha siku kwa siku: mafuta ya kupima, unga wa kupima, sukari iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi. Aliyefua leo ndiye anayepika leo. Basi Machi 2020 kafyu ya korona ilipoanza, na mama wa kufua wakaambiwa wasije kwanza, njaa haikungoja mwisho wa mwezi. Iliingia jioni ile ile.

Mwishoni mwa Aprili tulisikia habari ya mjane mmoja wa Mombasa, mfuaji nguo, aliyebandika mawe jikoni ili wanawe wadhani kuna kinachoiva, wapitiwe na usingizi. Jirani alisikia watoto wakilia, akaenda kuuliza kuna nini. Habari zikaenea, na watu wasiomjua wakamtumia pesa kwa simu. Wengi tunakumbuka mawe. Mimi humkumbuka zaidi jirani. Je, kilio cha nyumba ya pili kingetufikia sisi, au redio yetu ingekimeza?

Wengine waliokolewa na daftari. Mwenye duka aliandika nusu kilo ya unga, kibiriti, kipande cha sabuni, akasema, “Utalipa ukipata.” Naye alikuwa na kodi ya kibanda na watoto wa kulisha, kwa hiyo upole ule ulimgharimu. Baadhi ya kurasa zile hazijapigwa mstari mpaka leo. Na wapo wanaozunguka njia ya nyuma ili wasipite mbele ya duka, ilhali zamani waliombeana heri na mwenye duka kila asubuhi.

Umewahi kutazama Sala ya Bwana ilivyopangwa katika Injili ya Mathayo? Tukishaomba chakula cha leo, hata hatujavuta pumzi, tunaingia kwenye habari ya deni na msamaha. Bwana alijua vitu hivi viwili hukaa nyumba moja.

Sisemi kila deni lifutwe. Duka likifungwa, mtaa mzima utalala njaa. Lakini wewe unayedai, hakuna hata ukurasa mmoja ambao moyoni unajua hautalipika? Nawe unayedaiwa, huwezi wiki hii kupita njia ya mbele, hata na shilingi ishirini mkononi, umuulize mwenye duka hali ya watoto wake kabla hamjataja unga?